Paa la Sulo Ruonavaara

Sulo Ruonavaara alikuwa dereva wa lori la kusukuma theluji, na kwetu hiyo si kazi ya kubezwa. Katika rasi yetu ya Keweenaw, inayochomoza ndani ya ziwa kubwa, theluji hufika kabla watu hawajamaliza kuchimba viazi, na huondoka wakati kila mtu amekwisha kuichukia. Upepo huvuka ziwa lote ukibeba maji, na ukigonga vilima vyetu huyamwaga yakiwa meupe. Ipo miaka ambayo tumetoka nyumbani kwa dirisha la ghorofani. Miaka hiyo ndiyo tuliyomjua Sulo vizuri. Alfajiri ulikuwa ukisikia lori lake likinguruma kwa mbali, unajigeuza kitandani na kusema, haya, leo tutafika kazini. Mwanangu wa kwanza nilikwenda kumzaa hospitali nikiwa nyuma ya taa za Sulo. Mume wangu Arvid alikuwa ameng'ang'ania usukani, na mbele yetu hakuonekana kitu isipokuwa ule mgongo wa lori wa rangi ya machungwa ukipasua weupe.

Basi mtu huyo aliijua theluji kama mvuvi anavyolijua ziwa. Lakini nyumba yake mwenyewe hakuijua.

Alizaliwa humo. Babu yake ndiye aliyeijenga, alipotoka Finland kuja kuchimba shaba. Kwa nje ilikuwa nyumba ya mbao kama zetu zote, imepakwa rangi nyeupe, ina veranda mbele, na jiko limeongezwa kwa nyuma likiwa na paa lake fupi. Uani kulikuwa na sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, na kuni zimepangwa ukutani hadi kwenye upenu. Baba yake Sulo aliishi humo, akafia humo. Sulo akamwoa Saima, akamleta humo, na tangu siku ile Sulo alikuwa wa barabara na Saima alikuwa wa nyumba.

Saima alikuwa mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Alipika katika shule yetu, na watoto walimwogopa mpaka walipoonja mkate wake wa iliki. Kila mwaka majani yalipoanza kupukutika alitoa ngazi bandani, akavaa glavu za ngozi, akapanda na kopo la lami na mkasi wa kukatia bati. Alisafisha gata za kupitishia maji ya mvua, akapiga lami pale dohani ya matofali inapotokea kwenye paa, akapachika alipoona pamelegea. Sulo alikaa chini na kikombe chake cha kahawa.

"Saima, shuka bwana! Watu watasema nimekuoa uwe fundi wangu."

"Waambie ni kweli."

"Tunalipa bima kila mwaka, wewe unahangaika nini huko juu?"

"Nahangaika nisije nikaijua bima ina sura gani."

Nilikuwa naanika nguo siku hiyo, nikacheka mpaka kibanio kikaniponyoka. Wao ndivyo walivyokuwa. Yeye anatania chini, mkewe anajibu juu bila kugeuza kichwa.

Saima alifariki ghafla, moyo, mwaka uleule Sulo alipostaafu. Tulimzika ardhi ikiwa bado haijayeyuka vizuri. Sulo hakulia mbele za watu. Alirudi nyumbani, akakaa jikoni, na kwa muda mrefu sana hakuna aliyemwona akifanya jambo jingine.

Ngazi ilibaki bandani. Glavu za Saima zilikuwa zimetundikwa kwenye kipago chake cha juu, kama alivyoziacha. Arvid aliziona siku alipokwenda kuazima msumeno, akarudi akaniambia, "Yule mtu haigusi ile ngazi kwa sababu ya zile glavu. Si uvivu." Mimi niliamini hivyo, na bado naamini. Lakini mvua haijui kwa nini mtu hapandi paani. Gata zilijaa majani, majani yakawa udongo, na kwenye udongo huo ikaota misonobari midogo, mizuri kabisa, imesimama mstari mmoja kama imepandwa. Rangi ikaanza kubanduka upande wa ziwa.

Arvid ni seremala, na seremala akiona paa baya huumwa kama mtu mwenye jino bovu. Siku moja alishindwa kuvumilia.

"Sulo, dohani yako inakunywa maji."

"Iache inywe. Nina bima."

"Bima itakuja kupiga lami?"

"Sasa wewe niambie, wale watu nawalipa wa nini miaka yote hii? Wapendeze? Likiharibika watalitengeneza. Kazi yao hiyo."

"Nipe Jumamosi moja tu. Napanda mimi. Wewe kaa chini unywe kahawa yako."

Sulo akamkazia macho. "Usipande kwenye paa langu, Arvid."

Ikaishia hapo. Halafu siku moja nilimpelekea supu ya samaki, nikakuta sufuria sakafuni karibu na jiko la kuni, na kila baada ya muda tone linadondoka, tii.

"Hii nini, Sulo?"

"Muziki, shemeji. Redio yangu imeharibika."

Nikacheka kwa sababu alitaka nicheke. Sufuria ile ikakaa pale kiangazi chote, na kiangazi kilichofuata.

*

Mwaka wa theluji kubwa hakuna mtu wa huku asiyeukumbuka. Ilianza kama kawaida, ikaendelea kama kawaida, ila haikukoma. Ilishuka Krismasi, ikashuka mwezi mzima wa Januari, ikafunika uzio, ikafunika sanduku za barua, ikafika kwenye nyaya za simu. Tulichimba njia kama fuko. Nyumba za jirani hukuziona, uliona moshi tu unatoka katika kilima cheupe, ukasema, haya, fulani yu hai. Wanaume waliokuwa na nguvu walipanda na mabeleshi kupunguza uzito kwenye mapaa. Arvid alikuwa kwa dada yake mjini, paa lake nalo lilikuwa linalia. Sulo hakupanda.

Kisha Februari ikaja siku ya joto. Si joto la kuvua koti, lakini matone yalianza kudondoka, na theluji ile iliyokuwa nyepesi kama unga ikawa nzito kama saruji mbichi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, na Jumamosi kila mtu huku yumo saunani. Sulo alikuwa amekaa kwenye benchi la juu, mvuke umemzunguka. Mimi nilikuwa nyumbani kwangu, ng'ambo ya barabara, nakanda unga. Nikasikia sauti ambayo mpaka leo sijui niifananishe na nini. Haikuwa mlio wa kuvunjika. Ilikuwa kama pumzi, kama mnyama mkubwa kuliko wote aliyelala juu ya kijiji ameshusha pumzi. Sakafu yangu ikatikisika na glasi zikagongana kabatini.

Nikakimbilia dirishani. Theluji yote ya paa la Sulo, ya majira mazima, ilikuwa imeteleza kwa pamoja, nusu mbele, nusu nyuma. Paa likabaki tupu, jeusi, linafuka mvuke kwenye jua. Veranda haikuwepo. Nilipozunguka na Arvid, aliyekuwa amekwisha kurudi kutoka mjini, tukaona na jiko pia halipo. Palikuwa na mlima wa theluji uliochanganyika na mbao na matofali, na juu yake kabisa, sijui kwa namna gani, imekaa birika ya kahawa, wima, na mfuniko wake.

Sulo alikuwa amesimama mlangoni pa sauna na taulo kiunoni, mwili mwekundu, moshi unamtoka mabegani. Hakuona baridi wala aibu. Alikuwa anautazama ule mlima.

"Miaka yangu yote nimeisukuma," akasema polepole. "Miaka yangu yote. Sikujua inaweza hivi."

"Vaa nguo, Sulo," nikamwambia. "Vaa nguo, utakufa."

"Ningekuwa jikoni, shemeji. Siku nyingine zote saa hizi huwa niko jikoni."



*

Kampuni ya bima ilimtuma Bi Paquette, mama mrefu mwenye viatu vya mpira hadi magotini, tochi shingoni na bisibisi ndefu mfukoni. Sulo alikuwa akilala kwetu siku hizo. Alimpokea kwa furaha, kama mtu aliyemngoja mgeni wake kwa miaka.

"Haya mama, ndiyo hii. Sasa kazi ni yenu."

"Tutazame kwanza, Bwana Ruonavaara."

Alianza na veranda. Aliokota nguzo iliyovunjika, akaipindua, akamwonyesha mahali ilipokatika. Ndani ilikuwa nyeupe, yenye nyuzi ndefu, na bado ilinukia utomvu. "Mbao hii imevunjika ikiwa nzima," akasema. "Hakuna ambaye angeizuia. Veranda yako tutaijenga."

Sulo akanigeukia akanikonyeza.

Kisha wakaenda nyuma. Arvid alikuwa amekwisha kufukua sehemu ya kenchi, zile mbao za kubebea paa. Bi Paquette alichuchumaa, akatoa bisibisi, akaigusisha kwenye boriti nene kuliko paja langu. Hakusukuma. Naapa hakusukuma. Bisibisi ilizama yenyewe mpaka kwenye mpini, kama kisu kwenye keki. Alipoichomoa, maji ya kahawia yakafuata.

Aligusa boriti ya pili, ikawa vilevile. Ya tatu ilipukutika mkononi mwake ikawa kama ugoro.

"Nataka kuona darini," akasema.

Tukapanda wote, yeye, Sulo na Arvid wakaingia kwenye giza la chini ya paa, mimi nikabaki nimesimama kwenye ngazi ya ndani, kichwa ndani ya tundu. Tochi yake ilikwenda moja kwa moja kwenye dohani. Hapo ndipo tulipoyaona maji. Nasema maji, ingawa siku ile palikuwa pakavu kwa baridi. Tuliona njia yao. Yaliingia pembeni ya tofali kwenye ufa ambao ukucha usingepita. Yalifuata msumari mmoja hadi kwenye boriti, yakashuka na boriti yakiacha doa jeusi lenye kingo nyeupe, yakagawanyika pale mbao zinapokutana, yakaungana tena chini, kama mto uliochorwa kwenye ramani na vijito vyake vyote. Na yote hayo yalikwenda upande mmoja, kushukia jikoni. Miaka mingapi, tone kwa tone, bila mtu kuyaamrisha! Nimeona ziwa likipasua gati la saruji kwa wimbi moja, lakini sikuwahi kuyaogopa maji kama nilivyoyaogopa kwenye ile dari kavu.

Bi Paquette akainua tochi juu kidogo. "Hapa palikuwa na mtu," akasema.

Kuizunguka dohani yote kulikuwa na viraka vya bati. Vilikatwa kwenye makopo ya kahawa, vingine bado vina maandishi, vingine vimefifia. Vilipangwa kimoja juu ya kingine kama magamba ya samaki, kila kimoja kimepigwa lami kingo zake, lami juu ya lami, ya zamani imepasuka, ya karibuni bado inang'aa. Kwa chini vilikuwa na kutu. Vya juu vilikuwa vizima. Na juu ya vile vizima palikuwa na nafasi ambapo havikuendelea.

"Nani alikuwa anafanya kazi hii?"

"Mke wangu," Sulo akasema.

"Yuko wapi? Ningependa kuzungumza naye."

"Ukipita kanisani, upande wa kushoto."

Mama wa watu akafumba macho kidogo. "Pole sana."

Sulo alikuwa amepiga magoti. Alikuwa anavipapasa vile viraka kwa vidole vyote, kimoja kimoja, mdomo wazi. Kwa ndani, chini ya paa! Sisi tulikuwa tukimwona Saima juu tu. Kumbe akimaliza kule nje alikuwa anaingia huku, kwa tumbo, kwenye misumari na vumbi, anaziba na upande wa pili. Hakumwambia mtu. "Nilidhani anatoa majani tu," Sulo alisema. "Nilidhani anapenda kukaa juu."

Bi Paquette akamngoja. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ya kazi lakini si ya ukali, "Bwana Ruonavaara, lazima nikuulize jambo. Kuoza taratibu hatulipi, hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Lakini kama uozo ulijificha na mwenye nyumba hakuujua, na paa likaanguka, mkataba wako unaweza kukulipia. Kama alijua akaacha, haukulipii. Je, ulijua kwamba paa linavuja?"

Arvid akakohoa. Arvid hana kikohozi. Mimi pale kwenye ngazi nilishika ukingo wa tundu nikamtazama Sulo, na nakiri moyoni nilikuwa nasema, sema hapana, sema hapana tu.

"Nilijua," Sulo akasema. "Nilikuwa naweka sufuria."

"Sulo..." Arvid akaanza.

"Acha, Arvid. Ulinishika mkono ukaniambia, nikakukatalia. Mama, nilijua. Tone lilikuwa linaanguka mbele yangu nakunywa kahawa, nalisikiliza." Akaonyesha viraka. "Siwezi kusema uongo mbele ya hivi."

Bi Paquette akazima tochi. Akakaa kwenye boriti nzima, gizani, na mwanga mdogo wa tundu ukamwangaza usoni. "Wengi hunijibu hapana kabla sijamaliza swali," akasema. "Basi jiko hatutalilipa. Naona vibaya kukuambia hivyo. Theluji ilikuja siku moja, na ya siku moja ni yetu. Maji haya yamekupigia hodi kila mvua."

"Ni kweli," Sulo akasema. "Yalipiga hodi."

*

Hakukasirika, hilo ndilo lililotushangaza. Sulo tuliyemjua angetukana kampuni, angetukana serikali, angetukana na ziwa. Badala yake alianza kuamka mapema na kwenda kusimama pale jiko lilipokuwa, mikono mfukoni, anatazama. Baridi ya Machi ilipolegea kidogo akamwambia Arvid wabomoe mabaki, wajue uozo umefika wapi ndani ya nyumba yenyewe. Aliogopa. Maana jiko liliegemea ukuta wa nyumba kubwa, na kama maji yameingia mle, basi nyumba imekwisha.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimewaletea kahawa. Arvid aliingiza mtaimbo nyuma ya ubao wa kwanza mweupe, ukatoka ukilia. Nyuma yake kulikuwa na magazeti ya Kifini yaliyogeuka rangi ya chai, yamebandikwa tabaka kwa tabaka. Arvid akayachana. Kisha akaacha kuchana, akarudi nyuma hatua moja.

"Sulo, njoo."

Nyuma ya magazeti hapakuwa na ukuta wa mbao kama tulivyodhani. Palikuwa na magogo. Misonobari mizima, mipana kama meza, imechongwa bapa kwa shoka tu, na kila pigo la shoka bado linaonekana, dogo, safi, kama alama ya ukucha. Yalilazwa moja juu ya jingine, na chini ya kila gogo palichongwa mfuo ili likae juu ya mwenzake kama mkono unavyokaa juu ya goti. Katikati yalitiwa majani makavu ya kinamasi. Kwenye kona yaliingiliana kama vidole vya mtu anayesali, bila msumari hata mmoja. Arvid alitoa wembe wake wa kazi akajaribu kuuingiza mahali gogo lilipokutana na gogo. Haukuingia. Alijaribu kwingine. Haukuingia.

"Mungu wangu," Arvid akasema, na yeye si mtu wa kutaja Mungu ovyo. "Mungu wangu, Sulo, unaishi ndani ya nini?"

Harufu ikatufikia. Harufu ya msonobari uliokatwa jana. Miti ile ilikuwa imefungiwa gizani tangu kabla baba yake Sulo hajazaliwa, na ilinukia kama jana.

Sulo alivua kofia. Hakujua kwamba ameivua. Akaweka kiganja kwenye gogo, kisha kiganja cha pili, kisha akaweka na paji la uso, akakaa hivyo mpaka kahawa ikapoa.

"Nimelala humu maisha yangu yote," akasema. "Baba naye. Hakuna aliyeniambia."

"Labda hakujua," Arvid akasema. Tulikisia baadaye kwamba babu aliyaficha magogo yale mwenyewe. Zamani wenye mgodi waliwacheka Wafini kwa nyumba zao za magogo, wakisema ni za watu wa porini, na huenda bibi alitaka nyumba nyeupe kama ya meneja. Hatutajua.

Kisha Arvid akapanda kuangalia gogo la juu kabisa, pale ule mto wa maji ya darini ulipokuwa unaelekea. Akalipapasa kutoka kona hadi kona. "Umefika," akasema hatimaye. "Umefika, lakini haujaingia. Doa tu, kama kidole. Msimu mmoja zaidi, Sulo. Mmoja tu."

Sulo akaketi kwenye theluji kama mtu aliyepigwa.

Habari ikaenda. Jumapili baada ya ibada watu walikuja, kwanza majirani, halafu watu tusiowajua, wakisimama kwenye matope mbele ya ule ukuta. Walikuja wakicheka na kupiga soga, na wakifika pale sauti zinashuka. Wazee walinyoosha mikono wakagusa. Kikongwe mmoja, binti wa mchonga magogo, alinusa ukuta akalia waziwazi, na alipoulizwa kulikoni akasema, "Ni baba. Baba alikuwa ananukia hivi."

*

Veranda ilijengwa na fedha za bima, kama Bi Paquette alivyoahidi, bila maneno. Jiko tulilijenga sisi. Ulikuwa msaragambo wa siku nyingi, wanaume na mabeleshi na misumeno, wanawake na pai za nyama na viazi, na Arvid akipiga kelele kama jemadari. Sulo hakukaa chini na kikombe. Alikuwa wa kwanza kupanda. Mara ya kwanza miguu ilimtetemeka mpaka ngazi ikagonga ukuta, na mtu mmoja akamtania, "Mzee, hiyo siyo lori, haina breki!" Akajibu huko juu, "Nyamaza, nisaidie kuomba."

Ule ukuta wa magogo hakuufunika tena. Ndani ya jiko jipya ukaachwa wazi, na ukiingia kunywa kahawa kwake ulikuwa unakaa ukiutazama.

Tangu mwaka ule Sulo akawa mtu mwingine. Sisemi akawa mtakatifu, mdomo wake ulikuwa uleule. Lakini majani yakianza kupukutika ulimwona juu, na akimaliza pale juu anaingia darini kwa tumbo, na anatoka mweusi kama mchimba shaba. Akimaliza kwake anapita kwa wajane, kwa wagonjwa, kwa yeyote ambaye gata yake imeota miti. Anabisha mlango.

"Dada, dohani yako umeitazama lini?"

"Sulo, mimi nina bima."

"Najua. Hata mimi nilikuwa nayo. Shika ngazi."

Na bima hakuiacha. Wapo waliomwuliza, baada ya yale, bado unawalipa wale? Aliwatazama kama watoto. "Kuna yangu na kuna yao," alisema. "Nilichanganya, basi."

Miaka ikapita. Vuli moja ulikuja upepo kutoka ziwani ambao wenye meli waliusimulia kwa miaka. Asubuhi ulipovuma kwa nguvu zaidi, ule msonobari mkubwa uliosimama baina ya nyumba ya Sulo na barabara, mkongwe kuliko mtu yeyote tunayemjua, uling'oka na mizizi yake. Nilikuwa dirishani. Niliona ardhi ikiinuka kama zulia linalokunjwa, nikaona mti ukilala polepole, polepole, kisha kwa kasi, juu ya nyumba. Nikapiga kelele jina lake.

Tulipofika hatukuona paa, tuliona matawi. Arvid alikuwa ananguruma kama ng'ombe, "Sulo! Sulo!" Mlango ukafunguka. Sulo akatoka na kikombe mkononi, nywele zimejaa vumbi la dari.

"Ingieni," akasema. "Ingieni muone."

Tukaingia. Mti ule, shina lake watu wawili wasingelikumbatia, ulikuwa umelala juu ya nyumba nzima. Vigae vilipasuka, kenchi mbili zilivunjika na ncha zake zikatokeza darini, nyeupe, zenye nyuzi ndefu. Basi. Kuta hazikusogea. Dirisha halikupasuka. Magogo ya babu yake yaliubeba ule mti mzima, na upepo ukiutikisa huko nje, ndani ulisikia mlio mdogo tu, mzito, wa mbao inayojipanga vizuri chini ya mzigo.

Tulisimama katikati ya chumba, sote watatu, vichwa tumevirudisha nyuma. Mtaalamu wa bima, kijana tusiyemjua, alikuja siku iliyofuata, akapanda darini, akashuka, akasema kampuni italipa paa lote, hana swali. Lakini hakuondoka. Aliomba aruhusiwe kukaa kidogo. Sulo akamkatia mkate, akamwekea kahawa, na yule kijana akala taratibu huku anatazama juu, ambako mti ulikuwa bado umelala na nyumba bado imeubeba.